Mbuzi wa Milimani wa Nashville: Sulphur Dell na Jinsi Kiwanja cha Ligi Ndogo Kinavyopotea

Mlinzi wa kulia katika kiwanja cha besiboli cha Sulphur Dell hakusimama tambarare. Alisimama ubavuni mwa kilima, juu ya kijia cha udongo chenye upana wa kama mita 3, mithili ya yale matuta ya fanya juu ambayo wakulima wa Machakos huchimba ili udongo usiteremke na mvua. Nyuma yake mteremko uliendelea kupanda hadi kwenye uzio wa mbao. Mbele yake, chini kabisa, alikuwapo mpigaji na gongo lake. Mpira ukipigwa mfupi, ilimbidi ateremke mbio bila kupiga mwereka. Ukipigwa mrefu, alijigeuza akaparamia mlima, mkono mmoja ukishika nyasi, mwingine wenye glavu ukiwa hewani. Waliocheza nafasi hiyo waliitwa mbuzi wa milimani, na waliolizoea jina hilo walilivaa kama cheo.

Hapo ni Nashville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa magitaa na muziki wa kantri. Katika bonde lile besiboli ilichezwa tangu mwaka 1870 hadi 1963. Mwaka 1969 kiwanja kikabomolewa, shimo likafukiwa, na kwa miongo kadhaa watumishi wa serikali ya jimbo wakawa wanaegesha magari palepale alipokuwa akisimama mbuzi. Ukisoma kumbukumbu za watu waliopelekwa pale na baba zao wakiwa wadogo, utaona haraka kwamba makombe hayatajwi sana. Kinatajwa kilima. Kisha harufu. Kisha nani alikaa upande gani, na hilo la mwisho wengine hulitaja wakiwa wameinamisha macho.

Kuna mafundo mawili hapa ninayotaka kuyafungua. Ilikuwaje kiwanja rasmi cha mchezo wa kulipwa kikawa na mlima ndani yake? Na ilikuwaje kiwanja kilichopendwa hivyo kikaachwa kife? La kwanza linajibiwa na kanuni za mchezo pamoja na tabia ya maji. La pili limejificha ndani ya neno "ligi ndogo", neno ambalo mtu aliyelelewa na mpira wa miguu hulielewa visivyo. Nami nililielewa visivyo kwa miaka.

Kanuni inapoishia

Sehemu ya ndani ya kiwanja cha besiboli imepimwa kama seremala anavyopima mlango. Vituo vinne vinatengeneza mraba. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 27.4, na mrushaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Iwe Havana, iwe Tokyo, vipimo ni hivyohivyo. Mpigaji akiugonga mpira hukimbia kuvizunguka vituo, na akifanikiwa kurudi alikoanzia, ambako huitwa nyumbani, timu yake inapata pointi. Akiupiga ukavuka uzio wa mwisho kabla haujagusa chini, hiyo ni homurani: anazunguka vituo vyote kwa raha zake, hakuna wa kumzuia.

Sasa, uzio huo uko umbali gani? Hapa kanuni inalegeza mkanda. Sehemu ya nje ya uwanja, wanakosimama walinzi watatu wa mbali, haikuwekewa umbo. Viwanja vya zamani vilichomekwa katikati ya mitaa, karibu na njia za tramu, na uzio ulikomea pale barabara ilipopita au kiwanda kilipoanzia. Kanuni inayotaka uzio wa pembeni uwe angalau mita 99 kutoka nyumbani inavihusu viwanja vya kulipwa vilivyojengwa baada ya Juni 1, 1958, na hata hivyo ruhusa za kuikwepa hutolewa. Kabla ya hapo kila mji ulicheza kwa umbo la ardhi yake. Katika mpira wa miguu, kiwanja chenye mwinuko wa mita 7 ndani ya mstari refa angekikataa kabla hajafunga kamba za viatu. Katika besiboli wenyeji walikuambia tu kwamba upande wa kulia kuna mlima, jihadhari.

Bonde lenyewe lilikuwa na historia ndefu kuliko mchezo. Palikuwa na chemchemi ya maji ya salfa, yale yanayonuka kama yai viza, na ardhi yake ilikuwa na chumvi. Wanyama waliifuata chumvi na watu wakawafuata wanyama. Karne ya 19 wakazi wa Nashville walikwenda pale kuchota maji waliyoyaamini kuwa dawa, wakatandika mikeka chini ya miti na kula mchana. Mto Cumberland uko karibu, nao ukifurika ulikuja hadi bondeni. Ardhi ya namna hiyo haigombewi na wajenzi wa nyumba, kwa hiyo iliachiwa vijana. Mwaka 1885 timu ya kulipwa ya kwanza ya mji, Nashville Americans, ilianza kucheza hapo. Wakati huo kiwanja kilijulikana kwa jina la chemchemi na pia kama Athletic Park. Jina Sulphur Dell lilitoka mwaka 1908 kwenye kalamu ya Grantland Rice, mwandishi wa michezo wa gazeti la mji ambaye baadaye alijulikana nchi nzima. Aliona jina la zamani halina vina vya kutosha kwa mashairi yake. Dell ni bonde dogo, la kupendeza. Salfa aliiacha palepale, na alifanya vyema, maana hakuna ambaye angedanganyika.

Mwaka huohuo wa 1908, Septemba 19, kiwanja kilipata siku yake kubwa kuliko zote. Nashville na New Orleans walikutana siku ya mwisho ya msimu, na mshindi ndiye angekuwa bingwa wa ligi ya kusini iliyoitwa Southern Association. Nashville walishinda 1 kwa 0 mbele ya zaidi ya watu 10,000, wengi wao wakiwa wamesimama kuzunguka uwanja kwa kukosa viti. Rice aliandika kwamba ndiyo mechi kuu kuliko zote zilizowahi kuchezwa kusini. Alikuwa kijana, na mwenyeji pia.

Kilima kama watu walivyokikumbuka kilitokana na uamuzi mmoja wa busara. Katika kiwanja cha mwanzo mpigaji alielekea kusini magharibi, akilitazama jengo la bunge la jimbo lililoko juu ya kilima jirani. Ilipendeza machoni, ila mechi zilichezwa alasiri na jua la Tennessee la saa 10 liliingia machoni mwa mpigaji na mwa watazamaji pia. Baada ya msimu wa 1926 wakavunja kila kitu, wakajenga jukwaa la chuma na zege, na kukigeuza kiwanja kizima: nyumbani kukahamia kona ya kusini magharibi, jua likawa mgongoni mwa mpigaji. Tatizo la jua likaisha. Lakini kiwanja kilikuwa ndani ya shimo, chini ya usawa wa barabara zilizokizunguka, na mtaa haukuweza kupanuliwa. Walinzi wa nje sasa walicheza kwenye kingo za bakuli.

Upande wa kushoto uzio ulikuwa mita 102 kutoka nyumbani, katikati mita 128. Kulia ulikuwa mita 80 tu. Tena mita 80 hizo zilikuwa na hila yake: mteremko ulianza kupanda kabla ya mita 70, ukafika juu mita 7 hivi kutoka usawa wa uwanja, na juu ya kilele hicho ndipo uzio wa mbao uliposimama, halafu juu ya uzio wavu wa waya, vyote pamoja vikifika karibu mita 14. Mlinzi akisimama chini ya mteremko, mipira mirefu ilimpita juu ya kichwa. Akisimama juu, mipira mifupi ilitua mbele yake kama embe lililoiva. Ndiyo maana wengi walichagua lile tuta la katikati. Na kwa kuwa alikuwa karibu sana na kituo cha kwanza kuliko kawaida, mlinzi hodari aliweza kuuokota mpira uliogonga mlima na kumtoa mkimbiaji kabla hajafika kituoni, jambo ambalo kwenye viwanja vingine ni nadra.

Inasimuliwa kwamba Babe Ruth, nyota wa ligi kuu ambaye kazi yake ilikuwa hasa kulinda kulia, alipokuja Nashville na timu yake ya New York Yankees kwa mechi ya maonyesho aliutazama mlima ule akaomba kuhamia kushoto. Inasimuliwa pia kwamba kocha mashuhuri Casey Stengel alitania kuwa pale mtu angeweza kuugusa mpira tu kwa gongo ukatoka homurani. Warushaji wageni, ambao ndio waliolipa gharama ya ufupi ule, walilipotosha jina la kiwanja kwa sauti inayofanana, likawa Suffer Hell, yaani teseka motoni. Wengine walikiita Jalala, kwa sababu jalala halisi la mji lilikuwa jirani na upepo haukuwa na upendeleo.

Kama unataka kuona ardhi inavyoweza kuandika takwimu za binadamu, mtazame Bob Lennon. Alikuwa mpigaji wa mkono wa kushoto, na wapigaji wa mkono huo mipira yao mikali huelekea kulia. Mwaka 1954 alipiga homurani 64 kwa msimu mmoja, rekodi ya ligi ile ambayo haikuvunjwa hadi ligi ilipokufa, na zaidi ya nusu alizipiga nyumbani, pale penye mita 80. Mwaka huohuo aliitwa ligi kuu. Kwa jumla alicheza mechi 38 huko juu, katika misimu 3, na homurani aliyopata ni 1. Sisemi hakuwa na kipaji, kwa sababu mita 80 hizohizo zilikuwa wazi kwa wapigaji wote wa ligi na hakuna aliyemfikia. Ila kiwanja kilimkopesha kitu ambacho hakuweza kuondoka nacho.

Kinachomilikiwa na asiyemiliki kitu

Hapa tunafika kwenye fundo la pili. Msomaji wa Kiswahili akisikia "ligi ndogo" hufikiria daraja la kwanza au la pili: timu ikifanya vizuri inapanda, ikivurunda inashuka. Besiboli ya Marekani haina kupanda wala kushuka. Klabu ya Nashville ingeweza kuwa bingwa miaka 20 mfululizo na isisogee hatua moja. Wanaopanda ni wachezaji, mmoja mmoja, na huchukuliwa.

Mwanzoni haikuwa hivyo kabisa. Vyama vya ligi ndogo vilivyoungana mwaka 1901 vilikuwa vya wafanyabiashara huru waliokuza wachezaji na kuwauza kwa bei ya maelewano. Kisha miaka ya 1920 Branch Rickey, aliyekuwa akiendesha St. Louis Cardinals, klabu isiyokuwa na fedha za kushindana mnadani, akaona ni nafuu kununua klabu ndogo zenyewe kuliko kununua wachezaji wao. Wamarekani waliuita mfumo wa shamba, na neno hilo kwetu halihitaji tafsiri. Mche unapandwa mji huu, unamwagiliwa na mashabiki wa mji huu, ukiiva unavunwa na mji mwingine. Klabu nyingine zote kubwa zikaiga. Nashville ilikuwa shamba la New York Giants mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha la Cincinnati, na baadaye la wengine. Mchezaji uliyempenda angeweza kuondoka katikati ya juma, kwa simu moja, timu yako ikiwa inaongoza ligi.

Sasa jiulize klabu kama hiyo inamiliki nini. Wachezaji ni wa watu wengine. Ubingwa haupeleki popote. Hata jina la ligi linaweza kubadilika. Kinachobaki ni mahali: jukwaa lile, mlango ule, mtu anayeuza karanga pale pembeni, mlima ule wa kulia. Kwa maoni yangu ndiyo maana kumbukumbu za viwanja vya ligi ndogo zimejaa vitu vya ardhi kuliko majina ya mashujaa. Shabiki wa klabu kubwa hukumbuka watu kwa sababu watu walikaa. Shabiki wa Sulphur Dell alikumbuka kilima kwa sababu hicho peke yake ndicho kilichorudi kila Aprili. Balaa ni kwamba ardhi ndiyo kitu chepesi zaidi kuuzwa.

Televisheni, kiyoyozi, na mstari wa rangi

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ligi ndogo zilifurika watu. Mwaka 1949 kulikuwa na ligi 59, na waliokata tiketi walikaribia milioni 40. Miaka 14 baadaye ligi hazikufika 20. Kwa kawaida lawama zote hubebeshwa televisheni, na kwa sehemu ni haki, lakini namna ilivyotokea inastahili kuelezwa.

Awali klabu kubwa zilikuwa na kanuni ya kuzuia matangazo ya mechi zao yasiingie eneo la klabu nyingine. Mwaka 1951, zikihofia kushtakiwa kwa kuua ushindani, ziliifuta. Redio za ligi kuu zikaingia kila sebule. Mwaka 1953 kikaanza kipindi cha mechi ya kila wiki kwenye televisheni, na hapa ndipo penye kejeli: kilizuiwa kuonyeshwa karibu na miji yenye klabu kubwa, ili mauzo ya tiketi za klabu hizo yasiguswe. Maana yake kilionyeshwa kwingineko kote. Yaani ngao iliwekwa mbele ya wenye nguvu, na mshale ukaelekezwa kwa miji kama Nashville.

Jumlisha kiyoyozi. Kabla ya kiyoyozi, jioni ya Julai Tennessee nyumba ilikuwa tanuri, na kukaa nje kwenye jukwaa la zege ukipigwa na upepo, hata wenye harufu ya jalala, kulikuwa nafuu. Jumlisha gari: watu walihamia pembezoni mwa mji, na kiwanja kilichojengwa kwa ajili ya watu wa tramu hakikuwa na pa kuegesha. Hayo yaliikuta miji yote.

Kusini kulikuwa na jambo la ziada, na makala nyingi za kusifu viwanja vya zamani hulipita mbiombio. Sulphur Dell ilikuwa na majukwaa ya weupe na sehemu iliyotengwa ya weusi. Timu za weusi zilikitumia kiwanja hicho wakati wenye nacho hawakihitaji. Tom Wilson, mfanyabiashara mweusi wa Nashville aliyeanzisha timu ya weusi ya Elite Giants, alichoka kusubiri zamu na kujenga kiwanja chake mwenyewe, Wilson Park, mwishoni mwa miaka ya 1920. Nacho kimetoweka, na kimeandikiwa kurasa chache kuliko kile cha bondeni. Timu yake hatimaye ilihamia Baltimore. Jim Gilliam, mzaliwa wa Nashville aliyeitwa Junior, alianza na Black Vols wa mji huo, akawafuata Elite Giants Baltimore, na mwaka 1953 akatangazwa mchezaji mpya bora wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, akiwa na Brooklyn Dodgers. Vols wenyewe, timu ya weupe ya mji wake iliyocheza Sulphur Dell, wasingemsajili.

Southern Association ilishikilia mstari huo wa rangi hadi mwisho. Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alikuwa ameingia ligi kuu mwaka 1947. Katika ligi ya Nashville mchezaji mweusi pekee aliyewahi kupanda uwanjani ni Nat Peeples wa Atlanta, Aprili 1954, kwa mechi 2. Kisha akashushwa ligi ya chini yake. Wanaharakati na mashabiki weusi wakaanza kususia. Na hapa mfumo wa shamba ukauma mkono uliokuwa ukiulisha: kufikia 1959 kila klabu kubwa ilikuwa na mchezaji mweusi, na klabu kubwa yenye vijana weusi wa kukuza ingefanya nini na shamba lisilopokea mbegu hiyo? Wakaondoka mmoja mmoja. Ligi ikafa baada ya msimu wa 1961. Aliyesema ni televisheni iliyoiua hakukosea sana, ila alichagua sababu isiyomgusa mtu.

Watu 971

Nashville walijaribu. Mwaka 1959 wananchi waliunda kampuni, Vols Incorporated, na maelfu wakanunua hisa za dola 5 kila moja ili timu isiuzwe. Ningependa kukuambia kwamba mapenzi ya umma yaliokoa kiwanja. Yaliongeza miaka michache. Msimu wa 1962 hapakuwa na timu kabisa. Mwaka 1963 Vols walirudi katika ligi nyingine, South Atlantic, iliyokwisha kuchanganya rangi. Septemba 8 mwaka huo walicheza mechi mbili mfululizo dhidi ya Lynchburg, wakashinda zote. Watazamaji walikuwa 971, katika kiwanja kilichoweza kukalisha zaidi ya 7,000. Waliokuwapo hawakuambiwa kwamba ndiyo mwisho. Mechi ya mwisho ya kiwanja huwa hivyo mara nyingi. Huijui hadi Aprili ifike na milango isifunguliwe.

Kilichofuata kinasikitisha kwa namna ya vichekesho. Bonde likajaribiwa kuwa uwanja wa mbio za magari, likashindwa. Kisha likawa yadi ya magari yaliyokamatwa na jiji, mkangafu juu ya mkangafu, yakisubiri wenyewe walipe faini. Ubomoaji wa 1969 haukuua kitu, ulizika. Wakafukia shimo, na hapo kilima kikatoweka kwa njia isiyotarajiwa: hakikuchongwa wala kubebwa, kilimezwa tu, maana mlima uliotokana na shimo ukilijaza shimo hauna tena pa kusimama.

Besiboli ilirudi mjini mwaka 1978 kwa timu mpya, Sounds, na kiwanja kipya upande mwingine wa mji, kilichopewa jina la Herschel Greer, yule aliyekuwa rais wa kwanza wa Vols Incorporated. Msimu wa kwanza walivutia watu zaidi ya 380,000. Mwasisi wa timu, Larry Schmittou, alikuwa ameelewa jambo: kama huwezi kuuza ushindi wala mashujaa, uza jioni njema. Kukawa na ubao wa matokeo wenye umbo la gitaa kubwa, na watoto wa miaka ya 1980 na 1990 wakapata kiwanja chao cha kukumbuka. Kisha nacho kikachakaa. Kilifungwa mwisho wa msimu wa 2014, kikakaa mahame, vijana wakichora kuta, na 2019 kikabomolewa.

Ubishi uliozuka kuhusu ardhi ya Greer unafundisha zaidi ya ule wa Sulphur Dell, kwa sababu safari hii watu waliuliza kulikuwa na nini kabla. Kiwanja kilikaa chini ya Fort Negley, ngome iliyojengwa mwaka 1862 na jeshi la Muungano, yaani la kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa mikono ya weusi zaidi ya 2,700, watumwa na walio huru, wengi wakikamatwa makanisani na mitaani kwa nguvu. Mamia walikufa. Jiji lilipotaka kujenga majumba na maduka mahali pa Greer, wachunguzi wa mambo ya kale wakaeleza kwamba huenda makaburi yao yako chini. Mradi ukafutwa mwaka 2018. Kwa hiyo kupotea kwa kiwanja kimoja kulifichua kumbukumbu ambayo kiwanja chenyewe kilikuwa kimeikalia kwa miaka 40, kikiwa na gitaa juu yake.

Jambo kama hilo lilijirudia bondeni. Jiji liliamua kuirudisha besiboli palepale ilipoanzia, na mwaka 2014 walipokuwa wakichimba msingi walikuta mabaki ya makazi ya wenyeji wa asili wa Amerika, ya karne ya 12 hivi: mashimo ya moto na vipande vya vyungu. Watu wale walikuwa wakichemsha maji ya ile chemchemi ya salfa ili wapate chumvi. Chini ya maegesho, chini ya kilima kilichofukiwa, palikuwa na jiko.

Nje ya Nashville shinikizo limebadilika sura tu. Klabu kubwa siku hizi hulipa mishahara ya wachezaji wa ligi ndogo, na anayelipa huamua. Mwaka 2020 mkataba wa zamani ulipoisha, timu zenye uhusiano na ligi kuu zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120, na zilizobaki zikaandikiwa viwango vya taa, vyumba vya kubadilishia nguo na sehemu za mazoezi. Mji usioweza kugharimia taa mpya hupoteza timu. Viwanja kadhaa hivi sasa vinasubiri uamuzi ambao hautatolewa na mtu yeyote anayeishi karibu navyo.

Kiwanja kipya cha bondeni kilifunguliwa Aprili 17, 2015, na leo kinaitwa First Horizon Park, jina la benki. Barabara inayopita mlangoni imepewa jina la Junior Gilliam. Gitaa lipo, kubwa kuliko lile la zamani. Salfa hainuki, na jalala lilishaondoka zamani. Uzio wa kulia uko mita 94 kutoka nyumbani, pungufu ya zile 99 za kanuni, na mlinzi wa kulia anasimama tambarare.